Muulize Shangazi: Kibyongo, mfuko wa nesi na picha mbili za zamani

Shangazi ni mzaliwa wa Mombasa, mkazi wa Fort Worth, Texas. Kazi yake ni kufundisha shabaha na kuwaandaa watu kwa mtihani wa leseni ya kubeba silaha. Katika safu hii anajibu barua za wasomaji.

Barua ya kwanza

Shikamoo Shangazi. Mimi ni nesi hapa Arlington, nyumbani ni Nakuru. Niko zamu ya usiku, naingia saa moja jioni natoka saa moja asubuhi, na gari naliegesha mbali kwa sababu nafasi za karibu na mlango ni za madaktari. Juzi mwenzetu alifuatwa na mtu mpaka kwenye gari lake. Hakuumizwa, lakini tangu siku hiyo sina amani. Nikaenda duka la silaha. Muuzaji, mzee wa masharubu, hakunionyesha hata moja ya zile bastola za kisasa. Aliinama chini ya kioo akanitolea rivolva ndogo ya risasi tano, mgongo umetuna, ile nyundo ya kugonga risasi imezama ndani, imebaki ncha tu. Akasema mke wake anabeba ya namna hiyo miaka yote. Nilipomtumia mume wangu picha alicheka: "Risasi tano? Hiyo ni ya polisi wa sinema za kale. Kwa pesa hiyo unapata bastola ya risasi kumi na zaidi." Pale dukani zilikuwa tatu zinazofanana, tofauti ni nyundo tu: moja iko nje, moja imefichwa nusu, moja haionekani kabisa. Je, mzee ananiuzia mali iliyomlalia? Na kama sivyo, nichukue ipi? Nina grini kadi, kama hilo lina maana.

Nesi wa zamu ya usiku, Arlington

Jibu

Marahaba mwanangu, na pole kwa hofu. Mzee hajakuuzia mbuzi kwenye gunia. Alichokutolea, kwa maelezo yako, ni Smith & Wesson ya jamii ya Bodyguard: toleo la 638 ikiwa mwili wake ni wa alumini, 649 ikiwa ni chuma cha pua kitupu. Sisi kwenye uwanja wa shabaha twaiita Kibyongo kwa ajili ya huo mgongo. Yenye nyundo nje huenda ni 637, au 36 ikiwa ni ya zamani kidogo. Isiyoonyesha nyundo kabisa ni 642 au 442. Zote tumbo moja: fremu ileile ndogo, silinda ya risasi tano za .38 Special, mtutu wa inchi 2 hivi. Zimeachana pale nyuma tu.

Jioni moja vaa skrabu zako, zile sare za hospitali zenye mfuko wa pajani. Mfuko ule ulishonwa kwa ajili ya kalamu, mkasi na karatasi ya ripoti, na mdomo wake una pindo lililopigwa nyuzi mbili. Rivolva ya nyundo nje ina kidole cha chuma kilichopinda kuelekea nyuma. Ukiiingiza, inaingia. Ukiitoa taratibu, inatoka. Ukiitoa kwa haraka, kidole kile kinalikamata pindo, mfuko unakuja juu na suruali nyuma yake, nawe umebaki mkono umekwama pajani. Wanafunzi wangu hufanya zoezi hilo na rivolva tupu, silinda imekaguliwa na watu wawili, risasi ziko chumba kingine. Mara ya kwanza huangua kicheko. Baadaye hunyamaza, wakaomba kujaribu ile nyingine.

Askari kanzu wa zamani walikuwa na dawa yao: dole gumba juu ya nyundo wakati wa kuitoa. Inafanya kazi, ikiwa utakumbuka. Wengine walikata kidole kile cha chuma kwa msumeno wakapiga tupa, wakamaliza maneno.

Kwenye Kibyongo, kuta mbili za fremu zimepandishwa mpaka zikaifunika nyundo, kikabaki kijinundu chembamba chenye mikwaruzo kinachochungulia kwenye mwanya. Hakuna cha kukamata pindo. Na kwa kuwa hakuna, unaweza kusimama kituo cha mafuta saa tano usiku, mkono ndani ya mfuko wa koti, umeshika mpini, na mtu akikutazama anaona mwanamke anayesikia baridi. Bastola ya kiunoni haikupi hilo. Kuishika tu ni kutangaza. Ikibidi kabisa, Kibyongo hufyatuka kikiwa bado ndani ya koti na silinda ikaendelea kuzunguka, wakati bastola ya magazini, ambayo slaidi yake, kile kipande cha juu, inataka nafasi ya kurudi nyuma, huenda ikagoma baada ya risasi ya kwanza. Koti utaliharibu. Utanunua jingine.

Huo ndio mvuto wake wote, na sisemi kidogo: inakubaliana na nguo, na inakubaliana na mkono ulioshtuka. Mengine yake yote ni magumu.

Anza na kifyatulio. Ukivuta bila kukoki, yaani bila kuirudisha nyundo nyuma kwanza, unavuta uzito wa kilo 5 na ushei, safari ndefu, kwa kidole kimoja. Uzito huo ndio sefti yake, maana kitufe cha sefti haina. Ukiikoki kwanza kwa dole gumba, uzito unashuka mpaka kilo moja na nusu hivi na shabaha inatulia. Ndiyo maana walioibuni waliacha ule mwanya: 642 haikubali kukokiwa, Kibyongo kinakubali. Wauzaji wengi hulisifia sana hilo, na mimi sikubaliani nao. Kukoki ni kwa karatasi ya shabaha. Katika mtihani wa leseni hapa Texas unapiga risasi 50: 20 kwa yadi 3, 20 kwa yadi 7, 10 kwa yadi 15. Kwenye zile kumi za mwisho, mtutu wa inchi 2 unakutoa jasho, na hapo ukikoki sitakulaumu, mradi muda wa zoezi unaruhusu. Kwenye maegesho usithubutu. Ukishakoki, kisha yule mtu akageuka akaenda zake, umebaki na silaha inayosubiri mguso tu. Kuirudisha ni lazima ukibane kile kijinundu kwa dole gumba lenye jasho, ubonyeze kifyatulio, uishushe nyundo polepole mahali ambapo chini yake kuna risasi hai. Kijinundu kile ni kidogo kuliko kile kidole cha nyundo ya nje. Huliacha dole gumba likateleza.

Halafu uzito. 638 ina gramu 400 na kitu, 649 inapita 600. Mfukoni tofauti hiyo unaijua kabla ya saa sita usiku, na ndiyo sababu watu hukimbilia alumini. Lakini mwili mwepesi haumezi kishindo, unakupa wewe. Nilikuwa na mwanafunzi, mama muuza nguo, mwenye mikono ya kubeba marobota. Alifyatua silinda moja ya 638 na risasi kali alizouziwa dukani kwa ajili ya kujilinda. Akaiweka chini vizuri, mtutu mbele kama nilivyomfundisha, akafungua kiganja akanionyesha: pale kati ya dole gumba na kidole cha shahada palikuwa pekundu, ngozi imechubuka kidogo. Akaniuliza kama kuna chai. Baada ya chai nilimpa risasi za mashindano, zile laini za kichwa bapa, akamaliza boksi zima huku akitaniana na jirani yake. Tangu hapo humfundishi mtu mbele yangu kwa risasi kali. Na kama 649 yako inapokea risasi kali zaidi za .357 Magnum, kama zinavyopokea za siku hizi, hiyo ni ruhusa tu, si amri.

Mume wako hajakosea hesabu. Bastola ya risasi 10 inalenga kwa urahisi zaidi, kifyatulio chake ni chepesi, na ukiishiwa unachomeka magazini nyingine wakati mwenye rivolva bado anahangaika kutoa maganda. Ningekuwa napeleka mtu mashindanoni ningempa hiyo bila kufikiri. Ila ile inataka ala ngumu kwenye mkanda ulioshika kiuno, na skrabu zina kamba, hazina mkanda. Dera nalo halina hata kamba. (Kwenye harusi za kwetu huko Dallas nimeulizwa mara nyingi: unaibeba wapi ukivaa dera? Siibebi. Nimeiacha nyumbani kwenye sanduku, nimekuja kula biriani.) Inataka pia mkono wa kuvuta slaidi, na kifundo cha mkono kisicholegea wakati wa kufyatua, la sivyo inakwama. Rivolva haijali kifundo. Risasi ikikataa kuwaka, unavuta tena, inakuja nyingine.

Sasa jambo ambalo mzee wa masharubu hakukwambia, na ndilo kubwa kuliko nyundo. Sheria ya Texas hairuhusu kuingia na silaha ndani ya hospitali yenye leseni ya jimbo, wala kwenye nyumba za kuuguzia wazee, isipokuwa uongozi umekupa ruhusa ya maandishi. Tangu tarehe 1 Septemba 2021, mtu wa miaka 21 au zaidi asiye na kizuizi cha kisheria anaweza kubeba hapa bila leseni, na wengi wakadhani milango yote imefunguka. Wa hospitali haukufunguka. Kwa hiyo usiku kucha Kibyongo chako kitalala garini. Hilo angalau linalindwa: sheria ya kazi ya jimbo, tangu 2011, kwa kawaida humzuia mwajiri kukukataza kuacha silaha halali ndani ya gari lako lililofungwa kwenye maegesho yake. Lakini ile safari ya mguu kutoka mlangoni hadi garini, ambayo ndiyo iliyokunyima usingizi, utaitembea mikono mitupu. Kwa safari hiyo mwombe askari wa hospitali akusindikize, na usione haya. Waombeni wote wa zamu yenu mtoke pamoja. Kibyongo kitakufaa kituo cha mafuta, na kwenye maegesho ya nyumbani kwako.

Na kulala garini kuna masharti. Si kwenye droo ya dashibodi, maana mwizi wa magari huanza hapo. Nunua kisanduku cha chuma chenye waya wa kufungia kwenye mguu wa kiti, ukifunge ungali nyumbani, usifungie pale maegesho watu wakikutazama.

Pochi nalo usinitajie. Pochi linaporwa, linaachwa kwenye toroli ya supamaketi, na watoto hulipekua wakitafuta peremende. Kama una mtoto wa chini ya miaka 17 nyumbani, sheria ya hapa inakuhesabia kosa ukiiacha silaha yenye risasi mahali anapoweza kuifikia. Usidanganyike kwamba kifyatulio kizito kitamshinda. Mtoto hatumii kidole kimoja kama wewe. Anaigeuza, anatumia madole gumba yote mawili.

Grini kadi ina maana, ndiyo. Mkazi wa kudumu anaweza kununua. Wenzako wenye viza ya masomo au ya kazi ya muda, sheria ya shirikisho kwa kawaida inawakataza hata kuimiliki, ila wachache wenye sababu maalumu kama leseni ya uwindaji. Fomu 4473 utakayojaza dukani inauliza hilo waziwazi. Uongo ndani yake ni kosa la jinai, na kwa mgeni ni tiketi ya kurudishwa kwao. Waambie na wao, maana huwa wanajazana dukani kwa kusindikizana.

Nichukue ipi, umeuliza. Ya nyundo nje iache hapo ilipo. Kati ya mbili zilizobaki, kama wewe ni mtu wa kutaka kila kitu kifungwe, usitamani kukoki na usipende kusafisha, chukua 642. Kama utakuja uwanjani angalau mara moja kwa mwezi, chukua Kibyongo cha alumini, kwa sababu utajifunza haraka zaidi: siku za kwanza unakoki ili uone kwamba silaha inapiga unapolenga, kisha unaacha kukoki, na makosa yote yanayobaki unajua ni ya kidole chako. Mimi mwenyewe nina 649, ya chuma, lakini mimi navaa jinsi na mkanda siku nzima. Kabla ya kulipa, nenda uwanja unaokodisha silaha, upige boksi mbili za risasi laini. Mkono ukikataa kabisa, mume wako ameshinda, na hakuna ubaya.

Ukishanunua: ala ya mfukoni inayofunika kifyatulio, na mfuko huo usiingie kitu kingine, si ufunguo, si kalamu, si mafuta ya midomo. Nyumbani, rivolva tupu, umeangalia tundu zote tano kwa macho na kwa kidole, weka sarafu ya senti kumi juu ya mtutu karibu na kinundu cha kulengea, uvute kifyatulio mpaka nyundo ianguke. Sarafu ikibaki, kidole kimeanza kujua kazi. Ikidondoka, rudia. Na kila wiki chungulia ule mwanya wa mgongoni ukiwa na tochi. Utakuta nyuzi za buluu za skrabu zimejisokota kuzunguka nyundo, pamoja na vumbi la karatasi na kitu kinachofanana na makombo ya biskuti. Kijiti cha pamba kinatosha, na mafuta kidogo sana, maana mafuta mengi ndiyo yanayogandisha uchafu. Hii ndiyo kodi ya Kibyongo ambayo 642 hailipi.

Barua ya pili

Jambo Shangazi. Mimi ni mtu wa Bukavu, niko Louisville, Kentucky, miaka mingi. Kwenye maonyesho ya silaha hapa, mwenye meza moja alituambia kwamba hiyo rivolva yenye mgongo ndiyo ile ya picha ya Saigon, jenerali anampiga mtu kichwani barabarani. Rafiki yangu akabisha: akasema hiyo ni ile iliyomuua Oswald, mshtakiwa wa mauaji ya Rais Kennedy. Wakabishana mpaka watu wakajaa. Nani mkweli? Na ni nani alianza mambo ya kuficha nyundo?

Msomaji wako, Louisville

Jibu

Jambo baba. Mwenye meza ndiye mkweli, lakini rafiki yako hakuota, na nitakwambia kilichomchanganya.

Tarehe 24 Novemba 1963, kwenye ghorofa ya chini ya makao makuu ya polisi ya Dallas, mwendo mfupi wa gari kutoka hapa nilipo, Jack Ruby, mwenye klabu ya usiku, alijitokeza katikati ya waandishi akampiga Lee Harvey Oswald tumboni. Robert Jackson wa gazeti la Dallas Times Herald alibonyeza kamera wakati huohuo, na picha ikampa tuzo ya Pulitzer ya 1964. Rivolva ya Ruby ilikuwa Colt Cobra, si Smith & Wesson. Cobra ilitoka 1950, mwili wa alumini, risasi sita. Kwa kawaida nyundo yake iko nje. Ila Colt waliuza kifuniko cha pembeni, kipande cha chuma kinachofungwa kwa skrubu kwenye fremu ili kuikinga nyundo isikamate nguo, na Ruby alikuwa nacho. Ukiitazama kwa ubavu nayo ina kibyongo, cha kubandika. Ndicho rafiki yako alichokiona. Silaha yenyewe iliuzwa mnadani mwaka 1991 kwa dola 220,000.

Ile ya Saigon ni tarehe 1 Februari 1968, siku za mashambulizi ya Tet katika vita vya Vietnam. Nguyen Ngoc Loan, mkuu wa polisi ya taifa ya Vietnam Kusini, alimuua mfungwa aliyefungwa pingu, Nguyen Van Lem, mbele ya kamera ya Eddie Adams wa shirika la habari la AP. Hiyo ni Bodyguard ya Smith & Wesson, na Adams akapata Pulitzer ya 1969. Ukiziweka picha hizo mbili mezani utaona kwamba nyundo imefunikwa katika zote mbili. Sidhani waliotoa tuzo walilitazama hilo. Mimi nililitazama kwa sababu ya kazi yangu, na nakiri lilinikaa vibaya: rivolva ya namna hii husifiwa madukani kama ya mke, ya nesi, ya mzee anayerudi kutoka kanisani, na picha zake mbili zinazojulikana kuliko zote ni za mtu mwenye silaha akimpiga mtu aliyetiwa pingu.

Kuficha nyundo ni jambo la zamani kuliko hayo. Smith & Wesson walitoa Safety Hammerless mwaka 1887, nyundo imefunikwa kabisa ndani ya mwili, na nyuma ya mpini kuna kibati ambacho lazima kibanwe na kiganja ndipo ifyatuke. Wamarekani waliipa jina la kikamulio cha limau. Husimuliwa kwamba D. B. Wesson aliibuni baada ya kusikia habari ya mtoto aliyeumizwa na rivolva ya nyundo ya nje. Ni hadithi ya kiwandani, ichukue hivyo. Ilipendwa, ikaundwa zaidi ya miaka 50.

Kisha ikaja zamu ya polisi wasiovaa sare. Colt walitoa Detective Special mwaka 1927, risasi sita, mtutu mfupi. Smith & Wesson wakajibu mwaka 1950 na Chiefs Special, ya risasi tano, wakaionyesha kwenye mkutano wa wakuu wa polisi huko Colorado Springs, na jina likatoka huko. Zote mbili nyundo nje. Mwaka 1952 kampuni ilitimiza miaka 100, ikaadhimisha kwa kufufua ile fikra ya kale: Centennial, nyundo ndani kabisa, na kile kibati cha kubana kikarudi. Polisi waliozoea kukoki wakanung'unika. Bodyguard ya 1955 ndiyo suluhu waliyopewa, nyundo imefunikwa lakini mlango umeachwa wazi kwa dole gumba. Yaani Kibyongo hakikubuniwa kwa ajili ya mwananchi wa kawaida hata kidogo. Kilibuniwa kwa mpelelezi mwenye koti refu asiyetaka kuacha tabia yake ya uwanjani. Leo hata Ruger wanatengeneza LCR, tangu 2009, sehemu ya mwili wake ni plastiki ngumu, na ile ya kawaida haina nyundo ya kuona. Kifyatulio chake, kwa kidole changu, ni kitamu kuliko cha Smith & Wesson. Rafiki yako akitaka ubishi mwingine, mpe huo.

Barua ya tatu

Shangazi shikamoo. Niko Nairobi, Buruburu. Binamu yangu yuko Dallas na anakuja Desemba. Anasema ataninunulia Kibyongo kwa jina lake aniletee zawadi ndani ya mzigo, kwa sababu huko ni rahisi kupata. Nina biashara ya kutuma na kupokea pesa, na usalama ni shida. Kuna ubaya?

Mfanyabiashara, Buruburu

Jibu

Marahaba. Mpigie binamu leo, usingoje Desemba.

Kwa upande wa huku, kutoa silaha nje ya Marekani kunataka kibali cha serikali, na kununua kwa jina lako ukijua ni ya mtu mwingine asiyeruhusiwa ni kosa la shirikisho hata kama pesa ni yako. Kwa upande wa huko, Sheria ya Silaha, Sura ya 114, inakutaka uwe na cheti kutoka Bodi ya Leseni za Silaha kabla silaha haijafika mkononi mwako, na kuiingiza nchini kunataka kibali chake peke yake. Silaha iliyokutwa kwenye mzigo pale Jomo Kenyatta bila karatasi hizo haiitwi zawadi. Binamu atalala ndani, nawe utaitwa kueleza kwa nini simu yako ina picha ya silaha hiyo.

Kama kweli biashara yako inahitaji, omba cheti kwa njia yake: fomu, uchunguzi wa polisi, sababu za kuomba, sanduku la kuhifadhia. Ukishapata, nunua kwa muuzaji mwenye leseni hapo Kenya kile alichonacho, hata kama si Kibyongo. Na pesa za dukani zisilale dukani. Hilo halihitaji cheti cha mtu. Binamu mwambie alete perfyumu.